Ninywe au Nisinywe

Hospitali yetu ina kitengo cha uzazi wa mpango, na kitengo hicho kina dirisha. Si chumba, ni dirisha. Ukifika unasimama koridoni, unainama mpaka uso ulingane na tundu, na nyuma yako, karibu kiasi cha kukusikia ukipumua, kuna benchi limejaa watu wanaosubiri zamu zao. Ndani amekaa Sista. Sauti aliyopewa huyo mama ni ya kuitia watu ng'ambo ya mto, na haijui kupungua. Maswali yake anayamaliza kwa pumzi moja: una mimba, unanyonyesha, una presha, una moyo, una sukari, una kifafa, una akili. Hilo la mwisho ana maana ya ugonjwa wa akili, ila amelifupisha, na watu kwenye benchi hucheka.

Hapo ndipo mwanangu alipoulizwa. Akajibu, "Sina."

Wamemsema sana kwa neno hilo moja. Wamemwita mwongo, wamemwita mjinga, na mmoja alinong'ona kwamba wasichana wa siku hizi wanajitakia. Mimi nasema hivi: aje yeyote kati yao ainame kwenye tundu lile, nyuma yake akae mama mwenye nyumba wake na mke wa tajiri yake, kisha atangaze ugonjwa wake. Aanze daktari mkuu. Mimi nitaleta kiti changu kutoka nyumbani nikae nitazame.

Nikisema mwanangu, ni mtoto wa marehemu dada yangu. Mimi ni mama yake mdogo, mshona sare za shule, na nimemlea tangu hajaota meno ya pili. Mtaani wanamwita Fundi kwa sababu anatengeneza simu. Ana meza yake mbele ya duka la vifaa vya umeme, na ukimkuta kazini, miwani ya kukuzia imemkalia puani, ameifungua simu ya mtu na vipande vyake amevipanga juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio anaoujua yeye, huwezi kuamini kwamba ni huyuhuyu aliyekuwa akianguka darasani na kuamka anauliza leo siku gani. Kifafa kilimwanza akiwa mdogo. Akapata vidonge vyake, asubuhi na jioni, akavishika. Akakaa muda mrefu bila kuanguka, mpaka nikaacha kulala jicho moja wazi.

Mchumba wake anaandika mabango ya maduka. Tunamwita Mpiga Rangi, na kucha zake hazijawahi kuwa za rangi yake mwenyewe. Fundi alimwambia habari za kifafa mapema kabisa, hakumficha. Kijana akauliza swali moja tu: ukianguka nikushike wapi? Nilipohadithiwa hilo nikasema moyoni, haya, huyu anafaa.

Walitaka kuoana, lakini mtoto bado. Fundi alitaka kwanza atoke mezani apate chumba chake cha kazi. Ni mpango wa mtu mzima mwenye akili timamu. Kwa hiyo akafanya jambo la akili: akaenda kumwuliza daktari wake.

Kliniki ya kifafa hufunguliwa Jumanne tu, kwenye mlango unaotazamana na dirisha la Sista, koridoni humohumo. Ukipiga chafya huku, kule wanasikia. Daktari wa Jumanne si mtu mbaya, na hilo nalisema mapema nisije nikaambiwa natia chumvi. Amemtibu Fundi tangu yuko shule ya msingi. Tatizo ni kwamba, kwake yeye, Fundi hakumaliza shule hiyo. Mpaka leo tukiingia ananitazama mimi. Anakunywa dawa? Ameanguka? Analala vizuri? Mtu mzima amekaa kwenye kiti, mikono yake inajua kuunga nyaya nyembamba kuliko nywele, lakini anayeulizwa ni mama mdogo wake.

Siku hiyo Fundi akasema mwenyewe. "Daktari, samahani. Mimi nina mchumba. Tunataka tukae kwanza bila mtoto. Kwa hizi dawa ninazokunywa, nitumie njia gani?"

Daktari akanitazama mimi, akacheka. "Mama, unamsikia mtoto wetu? Ameshakua huyu." Kisha akamgeukia. "Wewe tulia kwanza upone. Wachumba wapo tu. Na hayo mambo si ya mlango huu, ni ya dirisha lile pale."

Apone. Ugonjwa ambao yeye mwenyewe aliniambia kwamba dawa zake pengine ni za maisha. Sasa apone lini, akishapata wajukuu? Nilifura, lakini Fundi alinibana mkono chini ya meza, nikafunga mdomo.

Akaenda dirishani peke yake. Faili lake la kifafa halikwenda naye, maana faili la Jumanne haliruhusiwi kutoka kwenye chumba cha Jumanne. Huo ndio utaratibu, na utaratibu hospitali yetu inaupenda kuliko wagonjwa. Kwa hiyo pale dirishani alikuwa mgeni kabisa. Akaulizwa lile fungu la maswali, akageuza jicho akaona waliokaa kwenye benchi, akasema hana. Sista akamwita ndani, akamwekea kijiti, kale kamti kadogo kanakokaa chini ya ngozi ya mkono na kuzuia mimba kwa miaka. Hakuambiwa lolote la kuhofia. Akarudi nyumbani anafurahi, akanionyesha plasta.

Miezi ikaenda. Halafu siku moja nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya nyuma, hajaenda kazini, ameshika kile kipimo cha mimba cha mkojo kama mtu aliyeletewa simu asiyojua imeharibika wapi.

Jioni Mpiga Rangi alikuja. Akakaa pembeni ya cherehani yangu. Akasema, "Si uliniambia umeweka kijiti?"

Fundi akapandisha mkono wa blauzi. "Shika."

Akashika. Kijiti kilikuwepo, unakigusa chini ya ngozi kabisa. Kijana akabaki ameshikilia mkono ule, hajui auachie au aendelee. "Basi mimi sielewi," akasema.

"Hata mimi sielewi," Fundi akamwambia. "Lakini usinitazame hivyo."

Akaacha kumtazama hivyo. Lakini niliona, na yeye Fundi aliona, na ikamuuma. Mtu afanye kila alilopaswa kufanya, bado aonekane ana jambo anaficha.

Kesho yake akarudi dirishani. Sista akasema kijiti hakishindwi, labda alikuja na mimba tayari. Fundi akamwambia miezi haikubaliani na hilo. Kisha akasogeza mdomo karibu na tundu na kunong'ona kwamba ana kifafa na anakunywa dawa. Sista hakunong'ona.

"Una kifafa? Si nilikuuliza hapahapa ukasema huna?"

Benchi lote likanyamaza ili lisikie vizuri.

"Na hizo dawa," Sista akaendelea, "mjamzito hanywi ovyo. Nyingine zinaharibu mtoto. Nenda kamwulize daktari wako."

Daktari wake ni wa Jumanne, na siku hiyo haikuwa Jumanne. Akasubiri. Jumanne ilipofika daktari yuko semina, ameachwa kijana wa kugawa dawa. "Mimi natoa dawa tu, dada," akasema, na kwa haki kabisa. "Wewe ni mjamzito, siwezi kukuambia lolote. Rudi kwa Sista." Akarudi kwa Sista. Sista akasema mambo ya kifafa hayajui, arudi Jumanne. Alipigwa danadana koridoni, kutoka tundu hadi mlango, kutoka mlango hadi tundu, na katikati ya hayo yote tumboni mtoto anakua.

Swali lake lilikuwa moja, na lilikuwa fupi. Ninywe au nisinywe? Akinywa, ameambiwa dawa zinaharibu mtoto. Asipokunywa, anajua kitakachomkuta, maana kilishamkuta utotoni mwake kote. Hakuuliza kitu cha ajabu. Mtu akileta simu kwake na kuuliza niichaji au nisiichaji, anajibiwa kabla hajakaa.

Mimi nilikuwa sijui kwamba ameanza kujijibu mwenyewe. Asubuhi moja niliamka kutafuta wembe wangu wa kukatia nyuzi. Nikamkuta nao mezani, anakata kidonge katikati. Alikikata vizuri, sawasawa, kwa ule mkono wake wa kazi.

"Unafanya nini?"

"Napunguza."

"Nani kakwambia upunguze?"

"Hakuna aliyeniambia, mama mdogo. Ndiyo maana napunguza. Nikinywa chote naogopa, nikiacha chote naogopa. Kwa hiyo nakunywa woga nusu."

"Na huko nyuma?"

Akazisogeza kando nusu mbili za kidonge. "Kuna siku nimeruka."

Nilimpokonya ule wembe. Nilitaka kumkaripia na maneno yalikuwa tayari mdomoni, lakini ningemkaripia kwa lipi? Kwa kumpenda mtoto wake? Nikamwambia avae, maana siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Sare za watu nikaziacha mezani hazina vifungo.

Daktari alikuwepo safari hii. Akafungua faili, akasikia neno mimba, akavua miwani na kunitazama mimi.

"Mama, huyu binti umemwachiaje mpaka tufike hapa?"

"Alikuwa ameweka kijiti, daktari."

"Kijiti?" Akatikisa kichwa. "Hizi dawa zake zinakula nguvu ya kijiti. Hiyo inajulikana. Angewekewa kitanzi, au angechomwa ile sindano ya miezi mitatu."

Inajulikana. Nililisikia neno hilo likinishuka mwilini. Nikamwuliza, tena kwa adabu ambayo sikuwa nayo, "Inajulikana na nani, daktari?"

"Na wataalamu."

"Yeye alikuuliza wewe. Kwenye kiti hikihiki. Ukacheka."

Akapekua faili lake, na humo ndani hakukuwa na kicheko chake.

Fundi akasema, "Daktari, mimi niko hapa. Nimepunguza dawa, na siku nyingine sijanywa kabisa. Nataka neno moja. Ninywe au nisinywe?"

Hapo ndipo yule mtu, mwenye elimu yake, mwenye jibu lake kichwani, maana baadaye tulijua kwamba alikuwa nalo, alipoamua kufuata utaratibu. "Siwezi kukuandikia chochote kabla sijajua Sista amepima nini. Nenda dirishani akupe maelezo, uniletee." Dirisha lenyewe analiona kutoka alipokaa. Angeweza kunyanyuka. Angeweza hata kuita, kwani Sista anaita watu kwa sauti siku nzima na hakuna aliyekufa.

Tukatoka. Kulikuwa na foleni dirishani. Fundi akasimama nyuma ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mimi nikakaa kwenye ncha ya benchi. Nikamwona ameanza kuvutavuta kola ya blauzi kwa vidole. Alikuwa akifanya hivyo zamani, kabla. Mwili wangu ulijua kabla yangu. Niliruka, lakini alishaanguka.

Sitaeleza yote. Aliyewahi kuona anajua, na ambaye hajaona asitamani. Koridoni watu walirudi nyuma kana kwamba sakafu inaungua. Mama mmoja alimfunika mtoto wake macho. Mwanamume mmoja akaja na ufunguo anataka kumtia mdomoni, nikampiga kofi mkononi, ufunguo ukaruka. "Mlazeni ubavu," nikasema, na kwa kuwa hakuna aliyesogea nikamlaza mwenyewe, nikamwekea mkoba wangu chini ya kichwa. Ikapita, nikashukuru. Kisha ikaanza nyingine kabla hajaamka, na hapo nikapiga ukelele ambao sijawahi kuupiga hata siku niliyomzika dada yangu.

Ndipo mlango ukafunguliwa daktari akatoka, na upande wa pili Sista akatoka kwenye kile kichumba chake. Miaka yote hiyo sikuwa nimewahi kuwaona wamesimama pamoja. Walipiga magoti, mmoja huku, mmoja huku, na mwanangu katikati.

"Mimba ina miezi mingapi?" daktari akauliza.

"Inakaribia minne. Anatumia dawa gani?"

Akaitaja. Sista akauliza kipimo chake. Daktari akajibu, akauliza damu ikoje, Sista akajibu, wakataja sindano wote wawili kwa pamoja na Sista akakimbia kuileta. Mazungumzo hayo yote yasingetosha mimi kushona kifungo kimoja. Nimekaa sakafuni nawasikiliza, kichwa cha mtoto wangu mapajani, nikatambua kwamba ninasikia kile ambacho tulikuwa tunakihangaikia wiki hizo zote. Kumbe ni haya tu. Kumbe kilichotakiwa ni watu wawili wanaofanya kazi koridoni humohumo wafungue midomo, na ili waifungue ilibidi mwanangu aanguke katikati yao. Hasira iliyonishika siku ile bado ninayo. Wala sina mpango wa kuiacha.

Alilazwa. Mchana wakampeleka kwenye mashine ya picha, na Mpiga Rangi, aliyekuja mbio na brashi mfukoni, alisimama nje ameegemea ukuta mpaka akauachia rangi. Tukaambiwa mtoto yumo, moyo unapiga. Mengine ya mtoto yatajulikana mbele, kwa vipimo, na hakuna wa kutuahidi lolote. Kijana akaenda akakaa kando ya kitanda na kuushika ule mkono wenye kijiti.

Jioni Fundi alikuwa macho. Alikuwa ameuma ulimi, umevimba, na jicho moja limeingia damu. Wakaja wote wawili, daktari na Sista, na faili la Jumanne Sista amelikumbatia kifuani. Kumbe linaweza kutoka kwenye chumba kile. Daktari akavuta kiti. Akaeleza taratibu, vizuri, na kwa sauti ya chini: dawa aendelee nayo, kipimo chake kizima, asiruke hata siku moja, maana kuanguka ndiko kubaya zaidi kwake na kwa mtoto. Ataongezewa vidonge vya foliki, vya kumkinga mtoto. Kijiti kitatolewa. Kila akija ataonwa na wote wawili kwa pamoja. Nilikuwa nahesabu moyoni ni kipi kati ya hivyo kisichoweza kusemwa siku ile ya kwanza, nikakosa.

Nafikiri angeishia hapo ningemshukuru. Lakini daktari ni daktari. Akafunga kalamu yake, akanigeukia mimi, uso umejaa huruma ya kweli.

"Ila, mama," akasema, "kitu kama hiki kisirudiwe. Jambo zito namna hii, mtu anaachaje dawa bila kumwuliza mtu yeyote?"

Nilifungua mdomo. Fundi akainua kidole, nikaufunga. Akalamba midomo, akameza mate kwa taabu, na kila neno lilimtoka nusunusu kwa ule ulimi wake uliovimba, lakini mle wodini hakuna ambaye hakusikia.

"Mimi niliuliza, daktari. Ninyi ndio hamkuulizana."